UZI: Bakuli la Plotinus lililowagombanisha maaskofu wa Bizanti kwa miaka elfu

#1 Mchimba Kisima

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi tangu ule wa Nikea ulipogeuka matusi ukafungwa. Safari hii naomba tuache kugawana watu wa motoni na wa peponi. Nina jambo moja tu: wazo la kifalsafa lililoingia kanisani kwa mlango wa uani, likawagombanisha maaskofu wa Bizanti, yaani dola ya Roma ya mashariki, kuanzia karne ya 4 hadi mji wake mkuu Konstantinopoli ulipoanguka mwaka 1453.

Tuanze na mwenye wazo. Plotinus alizaliwa Misri mwaka 204 au 205. Alisoma Aleksandria miaka 11 chini ya mwalimu aliyeitwa Ammonius Saccas, kisha akaenda Roma, akafundisha huko karibu maisha yake yote yaliyobaki. Alifariki mwaka 270. Mwanafunzi wake Porphyry alikusanya maandishi yake 54, akayapanga mafungu sita ya tisa tisa, ndiyo maana yakaitwa Enneads, yaani za tisa tisa.

Mafundisho yake ukiyakamua ni haya. Juu ya vyote yuko Mmoja. Hana umbo, hakuna jina linalomtosha, hata kusema "yupo" ni kumpunja. Kwake hutoka Akili, kwenye Akili hutoka Nafsi, na kutoka hapo ulimwengu huu tunaoushika. Kila ngazi ni hafifu kuliko iliyoitangulia, na kila ngazi ina hamu ya kurudi ilikotoka.

Sasa kwa nini huyo Mmoja asitulie peke yake? Plotinus anajibu kwamba kilichokamilika hufurika. Hakukaa akapanga. Ni kama maziwa jikoni: yakishapanda hayamwombi mpishi ruhusa. (Maziwa ni mfano wangu. Yeye alipenda moto na joto, theluji na baridi, jua na mwanga.)

Mkristo akisikia hivyo anakuna kichwa, kwa sababu yeye amefundishwa kwamba Mungu aliumba kwa kupenda na angeweza asiumbe. Mwaka 380 Gregory wa Nazianzus alikuwa akihubiri Konstantinopoli ndani ya nyumba iliyogeuzwa kanisa, maana makanisa makubwa ya mji yalikuwa mikononi mwa Waario, wafuasi wa Arius aliyefundisha kwamba Mwana si sawa na Baba. Katika hotuba yake ya 29 anafika mahali pa kueleza Mwana anavyozaliwa na Baba, anasita. Anasema hatutathubutu kuliita jambo hili kufurika kwa wema, kama alivyothubutu mmoja wa wanafalsafa wa Kiyunani, kana kwamba ni bakuli lililojaa likamwagika. Jina la mwanafalsafa halitaji, lakini waliosoma walimjua.

Na huku Gregory anakwepa bakuli, rafiki yake Basil wa Kaisaria ameandika kitabu kuhusu Roho Mtakatifu ambacho sura yake ya 9 inanukia Enneads kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndiyo hoja yangu kwenye uzi huu. Kumtumia Plotinus walishamtumia mapema sana. Kilichowatoa jasho ni vitu viwili alivyokuja navyo kwenye mzigo wake: ulazima na ngazi. Kila baada ya karne moja au mbili mmoja wao anachomoza kichwa, na ugomvi unaanza upya.

Naendelea jioni. Mwenye swali aweke.

#2 Kobe Mpole

Nimeweka kiti. Swali la mtu wa kawaida: hii "Nafsi" ya Plotinus ndiyo Nafsi tatu tulizokariri kwenye katekisimu?

#3 Mchimba Kisima

Swali zuri kuliko unavyodhani. Wayunani walikuwa na maneno mawili. Psukhe ndiyo ile inayofanya kiumbe kiwe hai, Waarabu wakaiita nafs, nasi tukapata nafsi. Hipostasi ni kitu kingine, ni yule aliyesimama mwenyewe kama yeye. Watafsiri wetu wa mafundisho ya Utatu walipotafuta neno la hipostasi wakachukua "Nafsi" hiyo hiyo. Kwa hiyo kwa Kiswahili maneno yamegongana, kwa Kiyunani hayakugongana.

Ila Porphyry ndiye aliyeipa risala moja ya mwalimu wake jina "Hipostasi tatu za mwanzo", na Wakristo wakaja kusema Mungu ni hipostasi tatu. Usikiapo hivyo unaweza kudhani ni kitu kimoja. Tofauti ni ngazi. Tatu za Plotinus zinashuka: ya pili ni pungufu kwa ya kwanza, ya tatu ni pungufu kwa ya pili. Mitaguso ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381 ilikataa huo mteremko. Baba, Mwana na Roho wako sawa, dhati moja, na ukuta umejengwa kati ya Muumba na viumbe bila mtu wa kukaa juu ya ukuta. Mwana kama Arius alivyomfundisha alikuwa amekaa juu ya ukuta.

#4 Katekista Mstaafu

Vijana, huu mtindo wa kusema kila kitu cha Kanisa kimetoka kwa Wayunani nimeuchoka. Mababa walichukua maneno, hawakuchukua imani. Waisraeli walitoka Misri na dhahabu ya Wamisri, lakini miungu ya Wamisri waliiacha huko huko. Na huyo Porphyry mnayemtukuza aliandika vitabu 15 dhidi ya Wakristo. Hilo mbona umeliruka?

#5 Mchimba Kisima

Shikamoo mzee. Sijaliruka, nilikuwa sijafika. Ni kweli, na mwaka 448 mfalme Theodosius II aliamuru vichomwe moto, leo tumebaki na vipande tu vilivyonukuliwa na wapinzani wake.

Lakini mfano wako wa dhahabu una shida moja: dhahabu ukishaipata huyeyuki nayo. Mtazame Synesius. Alikuwa bwana mkubwa wa Kirene, Libya ya leo, mwanafunzi wa Hypatia, mwanafalsafa wa Aleksandria, na mpenzi mkubwa wa Plotinus. Yapata mwaka 410 watu wa Ptolemais wakamtaka awe askofu wao. Akamwandikia ndugu yake barua ambayo kwa hakika ilikusudiwa imfikie Theophilus, Patriarki wa Aleksandria. Ndani anasema wazi: sitaamini kwamba nafsi imeumbwa baada ya mwili, sitasema ulimwengu huu utaangamia, na ufufuko wanaouhubiri kwa watu nauona kuwa fumbo takatifu, siuelewi kama umati unavyouelewa. Anaongeza kwamba nyumbani atafalsafa, hadharani atasimulia hadithi za watu. Na mke haachi.

Theophilus akamweka wakfu.

#6 Pweza wa Kigamboni

Yaani askofu aliweka masharti kama mchezaji anayesajiliwa? Huku kwetu paroko hataki hata gitaa.

#7 Binti Mvita

Assalamu alaykum. Naomba nichomekee kitu, maana masharti ya huyo Synesius yamenishtua. Sisi tuliosoma kidogo ilmul-kalamu, yaani teolojia ya Kiislamu, tunajua Imam Ghazali alipoandika Tahafut al-Falasifa mwaka 1095 alihesabu masuala 20 ya wanafalsafa, na matatu akayahukumu kuwa ni kufuru: kusema ulimwengu ni wa milele, kusema Mungu hajui mambo moja moja, na kukana ufufuo wa miili. Mawili kati ya hayo matatu ndiyo aliyokuwa akiyakaribia Synesius karibu miaka 700 kabla!

Na wala si sadfa. Katika karne ya 9 huko Baghdad, kwenye kundi la al-Kindi, sehemu za Enneads zilitafsiriwa kwa Kiarabu zikatembea kwa jina la Theolojia ya Aristotle. Aristotle wa watu hakuhusika kabisa. Al-Farabi na Ibn Sina wakajenga juu yake: kutoka kwa Mungu hutoka akili ya kwanza, kutoka kwa hiyo ya pili, mpaka ya kumi. Ngazi hizo hizo anazozisema kaka Mchimba.

Hata jibu la kuzivunja lilitoka kwa Wayunani. Iskandaria, yaani hiyo Aleksandria, alikuwako Mkristo mmoja, John Philoponus, Waarabu wakamwita Yahya an-Nahwi. Mwaka 529 aliandika kitabu cha kujibu hoja 18 za Proclus, mwanafalsafa wa Athene wa njia ya Plotinus, kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Akauliza: kama hauna mwanzo, mizunguko ya nyota iliyokwisha kupita haina hesabu, basi nyota moja ikizunguka haraka kuliko nyingine, utapata isiyo na hesabu iliyo kubwa kuliko isiyo na hesabu? Hoja hiyo utaikuta kwa Ghazali.

#8 Mchimba Kisima

Dada Binti umeniwahi. Mwaka huo huo 529 ndipo mfalme Justinian alipopiga marufuku ufundishaji wa falsafa Athene. Damascius, Simplicius na wenzao, saba kwa jumla, wakakimbilia kwa mfalme Khosrow wa Uajemi, wasipende walichokiona, na mwaka 532 wakarudi chini ya mkataba wa amani uliowahakikishia kwamba hawataguswa. Hebu fikirieni, mkataba wa madola mawili makubwa una kipengele cha wanafalsafa saba.

Huku shule ikifungwa mlango wa mbele, Proclus alikuwa ameshaingia kanisani. Fungueni Matendo ya Mitume 17:34. Paulo amemaliza kuhubiri Areopago, wengine wamemcheka, wachache wameamini, na mmoja wao ni Dionisio Mwareopago. Basi. Biblia haimtaji tena.

Karibu miaka 500 inapita kimya. Miaka ya 520, Severus wa Antiokia, kinara wa walioukataa Mtaguso wa Kalkedonia wa 451 (Wahabeshi wa Tewahedo wanamheshimu hadi leo), anaanza kunukuu maandishi ya Dionisio huyo. Mwaka 532 Justinian anakutanisha pande mbili Konstantinopoli. Wafuasi wa Severus wanamtoa Dionisio kama karata ya mwisho. Hypatius, askofu wa Efeso, anawauliza: kama maandishi haya ni ya zama za Mitume, mbona mababa wa Aleksandria, Athanasius na Cyril, hawakuyatumia, nao waliyahitaji kuliko sisi? Swali hilo halikupata jibu. Lakini haukupita muda mrefu John wa Scythopolis, mtu wa upande ulioukubali Mtaguso wa Kalkedonia, akayaandikia maelezo ya pembeni kuonyesha kwamba ni salama, na pande zote mbili zikayakumbatia.

Ndani mna nini? Mna Proclus. Huyu aliongoza shule ya Athene mpaka alipofariki mwaka 485. Kitabu chake, Misingi ya Teolojia, kina hoja 211, kila moja na uthibitisho wake kama kitabu cha hesabu. Kanuni yake kuu: kila kilichotokezwa hubaki ndani ya chanzo chake, hutoka humo, na hurudi humo. Kubaki, kutoka, kurudi. Dionisio kaibeba yote. Malaika kawapanga watatu watatu mara tatu, kutoka Maserafi hadi malaika wa kawaida, kwa sababu Proclus alikuwa hawezi kuona kitu bila kukigawa matatu. Waliokulia katekisimu mnazijua kwaya tisa za malaika. Mpangaji ndiye huyu. Hata neno hierarkia kalitunga yeye.

Ushahidi? Katika sura ya 4 ya kitabu cha Dionisio kiitwacho Majina ya Mungu kuna kipande kirefu kinachoeleza kwamba uovu si kitu chenye kuwapo kwake, ni upungufu wa wema. Kipande hicho kimefinyangwa kutoka kwenye risala ya Proclus juu ya uovu. Wajerumani wawili, Hugo Koch na Josef Stiglmayr, walilionyesha hilo mwaka 1895, kila mmoja kivyake.

#9 Kobe Mpole

Kwa hiyo alighushi?

#10 Katekista Mstaafu

Pole pole na hilo neno. Zamani kuandika kwa jina la mkubwa ilikuwa namna ya kujiweka chini yake. Mwandishi alikuwa anasema: mimi ni yule Mwathene aliyemkuta Paulo akihubiri "Mungu asiyejulikana". Na teolojia yake yote ni hiyo: Mungu asiyejulikana. Jina ni ufunguo wa kitabu. Lakini nakubali kwamba Hypatius aliuliza vizuri.

#11 Msomaji Kimya

Miaka sita nasoma tu, leo naandika.

Mchimba, umetuambia tatizo ni ulazima, lile bakuli. Halafu unatuletea Dionisio kama mshenga aliyeozesha falsafa na Kanisa. Soma mwanzo wa sura hiyo hiyo ya 4. Anasema jua letu, bila kufikiri wala kuchagua, kwa kuwapo kwake tu, huangazia vyote viwezavyo kupokea mwanga wake, na Wema nao ndivyo unavyomimina miali yake. Bila kuchagua! Hilo ni bakuli lile lile alilolikimbia Gregory. Wamelikataa mwaka 380, wamelipokea mwaka 532 kwa sababu limeandikwa jina la mtu wa Biblia. Hoja yako inavuja.

#12 Kobe Mpole

Wakuu nilikuwa nasoma hapa jikoni, maziwa yamefurika kweli. Nafuta jiko, narudi.

#13 Mchimba Kisima

Msomaji Kimya, inavuja kweli, na umepiga penyewe. Nimekaa na swali lako siku mbili.

Kwanza nikiri: Gregory alilikataa bakuli alipozungumzia kuzaliwa kwa Mwana, na Dionisio anasema juu ya mwanga kwa viumbe. Ningeweza kujificha hapo, lakini ingekuwa ujanja, kwa sababu kwa viumbe ndiko ulazima unakouma zaidi.

Pili, geuza kurasa ufike sura ya 5. Huko anazungumzia mifano ya vitu vyote iliyomo ndani ya Mungu, ile ambayo Plato angeiita maumbo. Dionisio anaiita makusudio, mapenzi ya Mungu yaliyo mema. Mapenzi! Kwa hiyo mtu mmoja kaandika jua lisilochagua na mifano inayochaguliwa, na hakuyapatanisha. Nadhani hakuona haja. Aliyeona haja ni mtawa Maximus Muungamishi.

Huyu ndiye ninayemwona mkubwa kuliko wote kwenye kisa hiki, nivumilieni kidogo. Alizaliwa mwaka 580. Aliwakuta watawa waliokuwa wakifuata mawazo ya Origen, mwalimu wa Kikristo wa Aleksandria wa karne ya 3, yale yaliyolaaniwa zama za Justinian. Kisa chao ni hiki: mwanzoni roho zote zilikuwa zimetulia ndani ya Mungu. Zikashiba. Zikasogea mbali naye. Ndipo zikapewa miili na ulimwengu huu ukatokea. Utulivu, mwendo, kuzaliwa. Ni kutoka na kurudi kwa Plotinus, kukiwa na adhabu katikati, maana ukizaliwa na mwili maana yake ulikosa.

Maximus hakuvitupa vitu vitatu hivyo. Alibadilisha mpangilio. Kuzaliwa kwanza, kisha mwendo, na utulivu mwishoni. Hukuanza ukiwa umefika halafu ukaanguka. Umeanzishwa na kutumwa safari, na pumziko liko mbele. Mwili hauna kosa la kulipia, na mwendo ni njia ya kwenda kwa Mungu. Halafu ile mifano ya vitu aliyoiita logoi akaifungia kabisa kwenye maneno ya sura ya 5: kila kiumbe kina neno lake kwa Mungu, na neno hilo ni pendo la hiari la Mungu kwamba kiumbe hicho kiwepo. Jua la sura ya 4 likabaki, lakini sasa jua hilo linapenda.

Angalieni na kilichomuua. Ugomvi wake wa mwisho ulikuwa kama Kristo ana hiari moja au mbili. Dola ilitaka moja ili amani ipatikane. Yeye akashikilia mbili, ya Mungu na ya binadamu, maana binadamu asiye na hiari si binadamu. Mwaka 662 wakamkata ulimi na mkono wa kuume, wakampeleka uhamishoni Lazica, Georgia ya leo, akafia huko mwaka huo huo. Mtaguso wa 680 hadi 681 ukapitisha aliyoyafia, na jina lake haukulitaja popote.

#14 Msomaji Kimya

"Jua linapenda." Sikubali kwamba imeshona tundu lote, ila nakubali kwamba umenijibu.

#15 Kobe Mpole

Nimerudi. Na ule ugomvi wa picha za watakatifu, nao umo?

#16 Mchimba Kisima

Umo, lakini sitakaa sana huko. Mfalme Constantine V, mpinzani wa picha, alisema picha ya kweli lazima iwe dhati moja na inayemwonyesha. Mbao na rangi haziwezi kuwa hivyo, basi ni sanamu. Watetezi kama John wa Damasko walishikilia kwamba picha inafanana na asili yake na inatofautiana nayo, na heshima hupita kwenye picha ikaenda kwa mwenyewe. Maneno hayo ya heshima ni ya Basil, lakini John anamnukuu Dionisio pia: vinavyoonekana vinatupandisha kwenda kwa visivyoonekana. Ngazi hiyo hiyo, safari hii inatumika kupanda. Nikea ya pili mwaka 787 ilirudisha picha, zikaondolewa tena 815, zikarudi moja kwa moja 843.

#17 Mwana wa Kagera

Mimi ni Mworthodoksi, tuko wachache lakini tupo. Huo mwaka 843 ndio tunaoukumbuka kila Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Huku tunabeba ikoni tunalizunguka kanisa. Padri mmoja aliniambia kwamba tamko lenyewe la siku hiyo, likisomwa lote, lina laana dhidi ya wafuasi wa Plato. Alikuwa anatania?

#18 Mchimba Kisima

Hakutania. Laana hizo ziliongezwa mwaka 1082 kwa ajili ya mtu mmoja aitwaye John Italos.

Mwalimu wake alikuwa Michael Psellos, msomi wa ikulu aliyepewa cheo cha mkuu wa wanafalsafa na mfalme Constantine IX. Psellos anasimulia mwenyewe kwamba alipita kwa Plotinus, Porphyry na Iamblichus mpaka akatia nanga kwa Proclus kama kwenye bandari kubwa. Rafiki yake Xiphilinos alipomwandikia akimwita Plato "wako", alimjibu kwa hasira: Plato wangu mimi? Wangu? Psellos alijua kuogelea. Alipotiliwa shaka aliandika ungamo la imani, mambo yakapita.

Italos hakujua kuogelea. Alitoka kusini mwa Italia. Anna Komnene, binti wa mfalme, anamweleza kwa dharau tamu: kichwa kikubwa, Kiyunani cha kukwaruza, na mdahalo ukimchachamalia anakuvuta ndevu, kisha anatokwa machozi akiomba msamaha. Alexios, baba wa Anna, alikuwa ndiyo kwanza ameshika kiti mwaka 1081, Wanormani wanampiga, hazina tupu, hadi vyombo vya makanisa vilikuwa vimechukuliwa. Mfalme wa namna hiyo anahitaji kuonekana mtetezi wa imani. Italos akashitakiwa, umati ukafurika Hagia Sophia kumsaka, akaokoka kwa kujificha juu ya paa.

Laana zilikuwa 11. Wanalaaniwa wanaosema maumbo ya Plato yapo kweli, wanaosema maada haina mwanzo, wanaosema roho huhama miili. Lakini niipendayo ni ile inayowalaani wanaosoma elimu ya Wayunani si kwa kuelimika tu bali kwa kuifuata kama kweli. Soma tena. Kusoma Proclus ruksa. Kumwamini ndiyo kosa. Mtaala haukubadilika.

Mwanafunzi wa Italos, Eustratios wa Nikea, naye alihukumiwa mwaka 1117. Na katikati ya karne hiyo Nicholas, askofu wa Methone, akaandika kitabu kizima cha kumpinga Proclus hoja kwa hoja. Kila alipokuta Proclus anasema jambo sawa na Dionisio, jibu lake lilikuwa kwamba Proclus ameiba. Mwenye mali akageuziwa kibao!

#19 Katekista Mstaafu

Hahaha. Hapo nimecheka peke yangu sebuleni.

#20 Mwana wa Kagera

Basi Palamas niachieni mimi, maana Jumapili ya pili ya Kwaresima ni yake.

Miaka ya 1330 watawa wa Mlima Athos walikuwa wanasali kwa kutulia, kichwa kimeinama, pumzi imetulizwa, wakirudia jina la Yesu. Wakasema katika sala hiyo waliona mwanga, ule ule uliomzunguka Kristo mlimani Tabor. Mtawa msomi kutoka Calabria, Barlaam, akawacheka, akawaita watu wenye roho kitovuni. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko dhihaka yake, tumpe haki yake. Alisema: Dionisio ametufundisha kwamba Mungu hajulikani. Basi mnachokiona kwa macho ni kiumbe.

Gregory Palamas akamjibu kwa Dionisio huyo huyo. Dhati ya Mungu haijulikani, sawa. Lakini Dionisio anasema pia Mungu hutoka kwenda kwa viumbe, na kutoka huko ni Mungu mwenyewe. Palamas akakuita utendaji: dhati haishirikiwi, utendaji unashirikiwa, nao pia haujaumbwa. Huligusi jua, lakini mwale uliokuota si kitu kingine, ni jua. Mikutano ya Konstantinopoli ya 1341, 1347 na 1351 ikampa ushindi. Barlaam akarudi Italia, akafanywa askofu wa Gerace, na akamfundisha mshairi Petrarch Kiyunani kidogo.

#21 Binti Mvita

Kaka wa Kagera, dhati na sifa! Ash'ari na Mu'tazila, makundi mawili ya wanateolojia wa Kiislamu, walishindana hapo hapo: sifa za Mungu ni Yeye, au si Yeye? Ash'ari wakasema si Yeye wala si mwingine. Sisemi waliambukizana. Nasema ukishasema Mungu ni mmoja kabisa na wakati huo huo unamwomba, utafika kwenye mlango huo.

#22 Msomaji Kimya

Ila wapinzani wa Palamas, Akindynos na wenzake, walimkamata kwenye barua. Aliandika maneno yanayosikika kama kuna uungu ulio juu na uungu ulio chini yake. Hiyo ni ngazi, Mchimba. Na aliyezoea kugawa mambo kuwa kisichoshirikiwa, kinachoshirikiwa na kinachoshiriki ni Proclus.

#23 Mchimba Kisima

Ndiyo maana nilisema vitu viwili. Maximus alihangaika na ulazima, Palamas akaangukiwa na ngazi. Utetezi wake ni kwamba mwale si ngazi ya pili, hauna kusimama kwake mwenyewe pembeni ya jua. Kwa Proclus kila hatua ni mungu kamili mwenye jina na hekalu. Kwa Palamas hakuna wa kumjengea hekalu la pili. Mimi hilo linanitosha. Akindynos halikumtosha.

Mwisho kabisa alibaki mmoja aliyeamua kuirudisha miungu yenyewe. Gemistos Plethon wa Mistra alikwenda kwenye mtaguso wa Ferrara na Florence, 1438 hadi 1439, kama mshauri wa upande wa Wayunani, akawasisimua Waitalia kwa mihadhara juu ya Plato. Nyumbani alikuwa na kitabu cha siri, Sheria, ambacho mungu wake mkuu anaitwa Zeus, na chini yake ngazi ya miungu. Alipokwisha kufa kitabu kikafika kwa Gennadios Scholarios, patriarki wa kwanza chini ya Waturuki. Akakichoma moto.

#24 Katekista Mstaafu

Kijana, umesahau kipande. Scholarios huyo alikuwa mpenzi mkubwa wa Mtakatifu Thomas wa Akwino, alimfupisha na kumtafsiri kwa Kiyunani. Na Thomas aliandika maelezo ya Majina ya Mungu, na tena ndiye aliyegundua kwamba Kitabu cha Sababu, kile Walatini walichokipata kutoka Kiarabu wakidhani ni cha Aristotle, kimechotwa kutoka kwa Proclus. Kwa hiyo mkono uliochoma miungu ya Plethon ulikuwa na nini mfukoni?

#25 Mchimba Kisima

Mzee, uzi huo uandike wewe. Kiti nimeshaweka.